Pula ya magneto: "nimebakiza kifaa kimoja tu"

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Arua, nimelifupisha kidogo: "Fundi, nina Yamaha DT125 ya zamani, niliinunua kwenye mnada wa NGO ikiwa imelala miaka. Naifufua mwenyewe nyumbani barazani jioni nikitoka kazini. Injini ikipata moto inapanda resi yenyewe hata nikiachia mkono, nikaambiwa ni sili ya krenki upande wa magneto. Nati ya magneto imetoka ila rota yenyewe, lile gurudumu la sumaku, imegoma. Jirani yangu anatengeneza boda, anasema tuigonge na nyundo na tindo, Boxer huwa anazifanya hivyo kila siku. Mke wangu naye anacheka, anasema tangu mwaka jana kila mwezi wimbo ni mmoja, nimebakiza kifaa kimoja tu. Ninunue pula, kile kifaa cha kuvutia rota, kwa kazi ya mara moja kweli? Na hivi vifaa vya spesho vinaisha lini?"

Kaka, shikamoo kwa mama watoto kwanza, na mwambie kwa heshima zote kwamba haviishi. Mimi nina miaka kumi na kitu hapa Ndeeba, Kampala, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kuosha pati na petroli huko Busia, na wiki iliyopita tu nimetoka kununua soketi moja ambayo sikuwa nayo. Kwa hiyo hilo tuliache, tuongee kuhusu pula.

Jirani yako usimpige, manake hasemi uongo. Ni kweli Boxer zinagongwa kila siku na nyingi zinaondoka zikiwaka. Ila mwenye Boxer akiharibu rota leo, kesho yuko soko la spea la Kisekka anachagua nyingine, mpya, yuzidi, ya India, ya Uchina, duka la kwanza akikosa duka la pili anapata. We rota ya DT ya zamani utaipata wapi Arua? Hata hapa Kampala utazunguka, utaletewa ya modeli nyingine inayofanana, utafunga, taimingi, yaani wakati wa cheche, itakataa, utarudi tena. Mimi nikiulizwa kama kifaa fulani kinunuliwe, siulizi kitatumika mara ngapi. Nauliza kama nikikosa kifaa hicho nitaharibu nini, na hicho nitakachoharibu kinapatikana wapi. Kwa magneto ya pikipiki yako jibu la maswali yote mawili ni baya.

Nyundo inaharibu nini? Rota imekaa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kama koni, na tundu la rota nalo ni koni, nati ikikazwa zinabanana na huo msuguano ndio unaoshika. Ile kii ndogo ya nusu mwezi unayoiona pale haishiki nguvu, kazi yake ni kuonyesha rota ikae wapi ili cheche ije wakati wake. Sasa vyuma viwili vikishabanana kwenye koni miaka ishirini, na kutu kidogo, havitoki kwa kutikiswa pembeni, vinataka kuvutwa moja kwa moja kwa mstari wa krenki. Jirani akiingiza tindo nyuma ya rota akagonga, nguvu inakuja upande mmoja, kwa hiyo rota inainama, na nyuma pale kuna koili na waya za stata, ile sahani isiyozunguka, tindo ikiteleza inaingia humo humo. Akigonga mdomo wa rota, zile sumaku ndani nyingi zimeshikwa na gundi, zinapasuka au zinabanduka. Akiona hiyo haiendi atagonga ncha ya krenki yenyewe, na hapo ndo penye maafa. Krenki ya pikipiki hiyo si chuma kimoja, ni vipande vimeshindiliwa, diski mbili na pini katikati. Ukigonga ncha kwa nguvu diski zinahama kidogo, kiasi ambacho macho hayaoni, na baada ya hapo injini inatetemeka mpaka viganja vinawasha na beringi zinakufa moja baada ya nyingine bila wewe kujua kwa nini.

Nakwambia kitu nilichokifanya. Nilipokuwa bado najifunza nilipewa DT ya mteja, ilikuwa sili hiyo hiyo, bosi hayupo, pula ya gereji ameazimwa mtu na hajarudisha. Nikagonga. Ikatoka, nikajiona mwanaume. Nikafunga sili mpya, ikawaka, mteja akaondoka, siku ya tatu akarudi anaisukuma, sumaku moja imebanduka ndani ya rota ikazunguka na kusaga koili zote. Nilikatwa mshahara mpaka nikasahau mshahara unafananaje. Pula ambayo ingezuia yote hayo ni kipande cha chuma unachoweza kukificha kwenye ngumi.

Lakini ngoja kwanza, usikimbilie dukani. Kabla ya pula, una uhakika ni sili? Aliyekuambia anaweza kuwa sawa, dalili inafanana kabisa. Injini ya tustroku kama yako, hewa na petroli na oili vinapita kwanza chini kwenye nyumba ya krenki kabla ya kupanda juu, kwa hiyo nyumba hiyo lazima ikae kama chupa yenye kizibo. Sili ya upande wa magneto ikichoka, injini inavuta hewa ya bure ambayo kabureta haijaipima, mchanganyiko unakuwa mkavu, resi inapanda yenyewe, plagi inatoka nyeupe, na ukiendelea kukimbiza hivyo unachoma pistoni. Sili ya upande wa pili, wa klachi, ikichoka dalili ni nyingine, inanyonya oili ya gia, moshi mweupe mzito hauishi na oili ya gia inapungua bila kumwagika chini. Yako inapanda resi, kwa hiyo sawa, ni hewa. Ila hewa ina mlango mwingine wa rahisi zaidi, ile rabba inayounganisha kabureta na injini. Pikipiki iliyolala miaka kwenye jua la huko kwenu West Nile rabba hiyo lazima uitilie mashaka, inapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka uikunje na vidole. Bahati nzuri nati ya magneto umeitoa tu na rota haijasogea, irudishe ukaze, washa injini, chukua brashi na maji ya sabuni, pakaa kuzunguka hiyo rabba na pale inapobanwa na bolti. Resi ikibadilika, au sabuni ikinyonywa ndani, mwizi ni huyo na pula hukuwa unaihitaji leo.

Cha pili, shika rota kwa mkono uitikise juu na chini, kwa nguvu kama unatikisa mti wa embe. Ikicheza, hata kidogo, beringi ya krenki imekwisha na sili mpya utakayoweka itadumu wiki chache, manake krenki inayocheza inaila sili. Hapo kazi si ya kutoa magneto tena, ni ya kupasua injini nzima, na hiyo nakwambia mapema usinunue vifaa vyake. Kutenganisha kesi na kushindilia krenki na beringi, peleka kwa mwenye presi, mlipe, kaa pembeni uangalie. Hapo ndo mahali pekee ambapo mke wako ana haki ya kushika pochi.

Haya, tuseme rabba ni nzima, krenki haichezi, ni sili. Pula ipi?

Duka litakuletea ya miguu mitatu, ile ya kuvutia beringi na gia. Hapana. Miguu ile inashika mdomo wa rota, na mdomo wa rota haukutengenezwa kubeba mzigo, utapinda au utapasuka. Angalia katikati ya rota, kuzunguka pale nati ilipokuwa, utaona uzi umechongwa ndani. Uzi ule haukuwekwa kwa mapambo, ni wa pula. Pula yenyewe ni bomba fupi nene lenye uzi nje na bolti katikati, bomba linaingia kwenye uzi wa rota, bolti inasukuma ncha ya krenki, rota inavutwa sawa sawa pande zote. Basi, hamna uchawi.

Uchawi uko kwenye kipimo. Uzi wa magneto za pikipiki ndogo mara nyingi ni mwembamba, hatua (nafasi kati ya mstari wa uzi na unaofuata) ya milimita 1, upana kwenye ishirini na kitu, na zinapishana kwa milimita moja moja tu. Halafu baadhi ni za kushoto, yani zinafungwa kwa kugeuza kinyume. Muuzaji ataangalia picha atakwambia "hii ni ya Yamaha zote". Usimwamini, na mimi pia usiniamini nikikutajia namba kutoka kichwani, manake DT125 zimetoka kwa miaka mingi na modeli nyingi, pima yako. Upana pima na kalipa ukikumbuka kwamba kwenye tundu unapima kutoka kilele cha uzi hadi kilele, kwa hiyo namba utakayopata itakuwa ndogo kuliko ya pula kwa kama milimita moja. Ukisoma 26, pula ni 27. Hatua ya uzi pima na geji ya uzi, na kama huna (hicho ni kifaa kingine, usimwambie mama) chukua sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia, chonga kipande kama kidole, kigandamize kwenye ukuta wa uzi halafu ukitoe taratibu. Mistari itakuwa imejichora. Weka rula, hesabu nafasi kumi kati ya mistari, zikichukua milimita 10 basi hatua ni 1, zikichukua 15 ni 1.5. Na sabuni hiyo hiyo inakwambia kushoto au kulia: isimamishe wima kama bolti, upande wenye mistari ukutazame, mistari ikipanda kuelekea mkono wako wa kulia ni uzi wa kawaida, ikipanda kuelekea kushoto ni wa kushoto. Nimeona mtu mzima analazimisha pula ya kulia kwenye uzi wa kushoto kwa mtarimbo, alimaliza uzi wote, baada ya hapo hata pula sahihi ilikuwa haina pa kushika.

Ukiwa na vipimo una njia mbili. Dukani, kama wanayo, nunua, bei yake ukiiweka kando ya bei ya rota ni mchezo. Ukikosa, peleka vipimo kwa wale wanaokereza vyuma kwa mashine, Arua wapo na hapa Katwe ndo wamejaa, wakuchongee. Ila waambie bolti ya katikati wasiichonge kwenye chuma laini cha nondo, watumie bolti ngumu iliyoandikwa 10.9 kichwani, au 8.8 kama hakuna kabisa, manake bolti laini ncha yake itatawanyika kama uyoga na itakwama ndani ya pula. Na uzi wa nje wa pula uwe mrefu wa kujaa wote ndani ya rota. Pula inayoshika nyuzi tatu tu ni ya kung'oa uzi.

Kuna watu watakwambia eksili ya nyuma inaingia kwenye rota unaitumia kama bolti ya pula. Kwa Honda kadhaa kubwa za zamani ni kweli kabisa, nimefanya mwenyewe. Yako ina uzi wa pula, achana na hiyo habari.

Matumizi sasa, na hapa usiniharakishe. Safisha uzi wa rota na brashi ya meno na petroli, mchanga mmoja tu humo unatosha kuharibu. Pula iingie kwa mkono, vidole tu, mpaka mwisho. Ikigoma katikati toa, safisha, rudia. Ncha ya bolti pakaa grisi kidogo, na pale inapogusa krenki weka kitu cha kulinda, kipande cha shaba au kichwa cha bolti ndogo kilichokatwa, ili usifunge kitundu cha katikati ya krenki wala kuvimbisha uzi wake. Kisha shika mwili wa pula na spana moja, kaza bolti na nyingine. Kaza, ngumu, simama. Sasa chukua nyundo, piga kichwa cha bolti ya pula pigo moja, kavu, si la hasira. Utasikia tak na rota itakudondokea mkononi. Isipotoka kaza robo tena, piga tena. Ule mtikisiko mdogo ndo unaachanisha koni, na hapo nyundo nimeiruhusu manake rota tayari inavutwa upande wa pili. Ikigoma kabisa iache imekazwa hivyo hivyo ukalale, mara nyingine unaamka asubuhi unakuta imejiachia yenyewe usiku. Moto usiweke, nyuma yake kuna koili zenye vanishi na sumaku zenye gundi.

Ukirudisha nati utahitaji kushika rota isizunguke, na hapo ndo utaambiwa ununue kifaa kingine cha kushikia. Usinunue. Tafuta mkanda wa kiti cha gari uliotupwa, funga kwenye bomba, zungushia rota, unashika kama mkanda wa mbwa. Au kamba ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, pistoni inaibana inasimama, ila kwa tustroku kuna mtego ambao watu wa Boxer hawaujui: ukiingiza kamba pistoni ikiwa chini, kamba inaingia kwenye matundu ya ekzosti pembeni, ukizungusha pistoni inaikata kama mkasi na vipande unavitafuta wewe. Pandisha pistoni kwanza ipite tundu la ekzosti, ndio uingize kamba.

Sasa sahani ya stata, ile yenye koili nyuma ya rota. Kabla hujaifungua ikwaruze na msumari, mstari mmoja upite kwenye sahani na kwenye kesi, ili ikirudi irudi pale pale, taimingi isihame. Skrubu zake zitakutesa kuliko rota. Zinafanana na skrubu za msalaba za kawaida lakini Yamaha ni ya Japani, na Wajapani walikuwa na msalaba wao, JIS, mara nyingi utaona kadoa kadogo karibu na msalaba. Bisibisi yetu ya kawaida ya Phillips ina pembe tofauti kidogo, haiketi mpaka chini, ukigeuza kwa nguvu inapanda na kula skrubu. Watu wanalaani skrubu za Japani kuwa laini kumbe bisibisi ndo si yake. Hiki, kaka, ni kifaa ambacho nakuruhusu ununue bila kuomba ruhusa nyumbani, bisibisi moja ya JIS namba 2 na nyingine namba 3, na kama pochi inaruhusu ile bisibisi ya kugonga, ya impakti, unayoipiga kichwa kwa nyundo inageuka yenyewe. Pikipiki nzima ya enzi hizo imeshikwa na skrubu hizo, kabureta, kava za pembeni, kila mahali, utaitumia mpaka uzeeke. Ukitaka kujua kwa nini boksi lako la vifaa lilionekana limekamilika na kumbe halijakamilika, ni hapo.

Sili yenyewe haihitaji kifaa cha kununua. Ya zamani toboa kitundu kidogo kwenye chuma chake cha mbele, mbali na krenki, kwa dreli ya mkono taratibu usivuke ndani kwenye beringi, na grisi kwenye ncha ya kekee ili ishike unga wa chuma. Ingiza skrubu ya mbao, vuta na pulaizi. Kabla ya kuweka mpya pitisha ukucha kwenye krenki pale sili inapokaa, ukucha ukikwama kwenye mfereji basi sili mpya usiizamishe kina kile kile, iache nje milimita moja hivi iguse chuma kizima. Mdomo wenye springi uangalie ndani kwenye injini, pakaa oili, na uzi wa krenki uufunike na karatasi ya nailoni ili usikate mdomo ukipita. Sukuma na soketi kubwa yenye upana sawa na sili au kipande cha bomba la plastiki la maji. Watu wanauza seti za kushindilia sili, nzuri sana, zinang'aa, mimi ninazo na bado natumia bomba.

Wakati wa kurudisha rota, igeuze uangalie ndani kabla hujaifunga. Ni sumaku. Ulipoiweka chini barazani iliokota kila kitu, waya, unga wa chuma, washa uliyokuwa unaitafuta tangu jana. Nimewahi kukuta nati nzima. Koni zote mbili futa na petroli zikauke, usipake grisi hata tone, koni inashika ikiwa kavu. Kii ya nusu mwezi ikae imelala sawa, nati ukaze kwa kipimo cha kitabu.

Hapo kwenye kipimo ndio nijibu lile la kununua vingine, haraka tu. Renchi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza: ndiyo, ila ya kwanza nunua ndogo, inayoanzia kwenye Nm 5 mpaka 25 hivi, manake bolti utakazoharibu ni zile ndogo za milimita 6 zinazoingia kwenye alumini, zenyewe zinataka kama Nm 10 tu na mkono wa mwanaume unazipa 20 bila kujua. Kubwa ya kukazia nati ya rota iazime. Pula ya cheni: ya kuazima pia, au achana nayo, saga vichwa vya pini mbili vitoke, cha muhimu ukifunga klipu ya kiungo upande uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Spana ya ndoano ya nati za stelingi tengeneza mwenyewe kutoka kwenye spana ya zamani, usipige tindo zile nati, zikishaumia meno hutazikaza sawa tena na stelingi itakuwa na mahali inapokwama katikati. Soketi ya meno manne ya nati ya klachi, ambayo jirani yako ataihitaji kwa boda zake kuliko wewe, chukua soketi ya bei rahisi yenye upana huo, acha meno manne na ukate mengine yote kwa grainda. Hiyo ukiwa nayo utajua marafiki zako ni wangapi.

Na kuhusu jirani, pula ukishaipata muazime. Ila andika jina lake ukutani na tarehe, yangu ya kwanza iliondoka gereji mwaka fulani kwa "nusu saa tu" na mpaka leo iko njiani.

Anza na rabba na sabuni kesho jioni. Ikiwa bado ni sili, nitumie kipimo cha kalipa, nafasi kumi za mistari ya sabuni zimechukua milimita ngapi, na mistari inapanda upande gani. Kwa wakerezaji Katwe huwa napita Ijumaa, wakiichonga asubuhi jioni inapanda basi, Jumamosi unaichukua stendi Arua.